Saraka ya plagini za Django, Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya tumeyaandika sisi tunaoitunza saraka. Hayajapangwa kwa mada. Tumeyaweka kadiri yanavyotujia, ya kila wiki juu na ya nadra chini. Ukiwa na haraka, soma la mahitaji ya hapa kwetu na la plagini zilizoachwa.

Saraka hii ni ya nini hasa?

Ni orodha ya plagini (vipande vya programu vilivyo tayari) za Django, fremuweki ya Python ya kujengea tovuti, zilizotengenezwa na watu wa Arusha na Moshi, au zilizotoka kwingine zikajaribiwa hapa kwenye kazi halisi. Kila plagini ina ukurasa unaoeleza inafanya nini, inakwenda na toleo gani la Django, nani anaitunza, na nani hapa ameshaiweka kwenye kazi ya mteja. Msimbo wenyewe hatuuhifadhi. Unabaki kwenye repo (hifadhi ya msimbo) ya mwenyewe na kwenye PyPI, ghala la umma la msimbo wa Python. Sisi tunaonyesha njia tu.

Kwa nini Django? Mbona mji mzima unatumia Laravel na WordPress?

Kweli, PHP, lugha ya Laravel na WordPress, inalisha nyumba nyingi hapa na hatuna ugomvi nayo. Baadhi yetu bado tunatunza tovuti za WordPress za wateja wa zamani. Django tumeichagua kwa sababu ndiyo tunayoifanyia kazi kila siku. Ilizaliwa kwenye ofisi za gazeti huko Lawrence, Kansas, ikatolewa kwa umma Julai 2005 kwa leseni huria ya BSD, na tangu 2008 inasimamiwa na taasisi isiyo ya faida, Django Software Foundation. Walioitengeneza walikuwa wakikimbizana na muda wa gazeti, na hilo linaonekana mpaka leo: sehemu ya admini, yaani kurasa za kuingiza na kusimamia taarifa, inakuja tayari, kwa hiyo mteja anaanza kuingiza bidhaa zake wakati wewe bado unahangaika na rangi za ukurasa wa mbele.

Django Packages ipo, PyPI ipo. Hii nyingine ya kazi gani?

Django Packages, saraka ya plagini za Django ya dunia nzima, ilianzishwa mwaka 2010 na Daniel Greenfeld na Audrey Roy wakati wa shindano la Django Dash, na bado ndiko tunakokutuma kwanza. Majedwali yake ya kulinganisha plagini zinazofanya kazi moja ni mazuri kuliko chochote tunachoweza kutengeneza sisi. PyPI nayo ina miradi zaidi ya 500,000.

Tatizo ni kwamba katika miradi yote hiyo hakuna atakayekuambia kama plagini ya malipo inaongea na M-Pesa ya Vodacom Tanzania au ile ya Safaricom ya Kenya. Hakuna atakayekuambia kwamba fomu ya anwani inalazimisha msimbo wa posta ambao mteja wako wa Kiborloni hajawahi kuuandika maishani. Taarifa za namna hiyo ndizo tunazokusanya. Plagini yako ikiwa inafaa dunia nzima, iandikishe kule kwanza, halafu uilete na huku.

Mnasema mnaitangaza Django, lakini matangazo yenu hatuyaoni. Mnatangazaje?

Hivi hivi, kwa saraka.

Chukua developa aliye Njiro. Asubuhi anapigiwa simu na kampuni ya utalii: wanataka wageni waweke nafasi mtandaoni, bei ionekane kwa dola na kwa shilingi, malipo ya awali yapite kwa simu au kwa kadi, na makadirio ya gharama yawe yamefika kabla ya saa kumi jioni. Huyu mtu hana muda wa kusoma makala za kusifia fremuweki. Anatafuta vipande vilivyo tayari. Akivikuta upande wa Django, atajenga kwa Django, na kijana anayemsaidia atajifunza Django. Akivikosa, atarudi kwenye alichokizoea, na hatumlaumu.

Mikutano nayo inasaidia. DjangoCon Africa ya kwanza ilifanyika Zanzibar Novemba 2023, na ya 2025 ikaja hapahapa Arusha mwezi Agosti. Watu walipata moyo, walipata marafiki, walipata na stika za kubandika kwenye laptopu. Ila Jumatatu inayofuata bado kuna mteja, na mteja haulizi stika.

Ni plagini zipi zinahitajika zaidi hapa kwetu?

Malipo ya simu, bila ubishi. Na hapa ndipo watu wanapopoteza muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Ukitafuta neno M-Pesa kwenye PyPI, nyingi kati ya zinazojitokeza zimeandikwa kwa ajili ya Daraja, ambayo ni API (njia ya programu kuongea na mfumo wa malipo) ya Safaricom, Kenya. Vodacom Tanzania inatumia API tofauti kabisa. Jina la huduma ni lilelile, lakini funguo, anwani na majibu ya seva havifanani. Mtu anasakinisha, anaona namba inayoanza na 255 inakataliwa, anaingia kwenye msimbo na kubadilisha 254 kuwa 255, anafurahi, kisha anagundua kwamba namba ndiyo ilikuwa tatizo dogo kuliko yote. Kwa hiyo kwenye saraka kila plagini ya malipo lazima itaje nchi na kampuni ya simu kwenye mstari wa kwanza. Na mtandao mmoja hautoshi: mteja wa Moshi atakuuliza kuhusu Mixx by Yas, Airtel Money na HaloPesa kabla hujamaliza kufungua laptopu.

La pili linawashangaza wageni: saa. Django inashughulikia kanda za saa vizuri sana. Ukiandika Africa/Dar_es_Salaam kwenye mipangilio, kazi imeisha. Lakini ukurasa wa Kiswahili unaomwambia mpagazi kwamba gari linaondoka "saa 6:00 asubuhi" unamchanganya, kwa sababu kwake gari linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, na saa sita ni mchana. Kinachotakiwa ni kichujio kidogo cha templeti kinachobadilisha muda uliohifadhiwa kuwa saa ya Kiswahili pamoja na neno lake, alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na kuuacha ukurasa wa Kiingereza kama ulivyo. Mistari michache tu ya msimbo, ila iandikwe na mtu anayejua kwamba saa kumi na moja alfajiri haiitwi usiku.

Kisha kuna viingilio vya hifadhi. Karibu kila kampuni ya Arusha na Moshi inayouza safari za Serengeti au kupanda Kilimanjaro ina faili la Excel la kukokotoa gharama, na kila moja imekosea mahali pake. Tozo hutofautiana kati ya raia wa Afrika Mashariki, mgeni mkaazi na mgeni asiye mkaazi, kati ya mtu mzima na mtoto, na juu yake inakuja VAT. Plagini ya kazi hii isiandike tozo ndani ya msimbo hata moja. Ziwekwe kwenye jedwali lenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, ili mhasibu azibadilishe mwenyewe kwenye admini mwaka mpya wa fedha unapoanza Julai, na makadirio ya zamani yabaki na bei zake za zamani. Mgeni aliyelipia njia ya Machame mwezi Mei hataki kusikia kwamba mfumo umempandishia bei wenyewe.

Upande wa Moshi tunaulizwa pia kuhusu AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima: kusajili wakulima, kupokea kilo za kahawa, kutoa stakabadhi, kukata mkopo wa pembejeo. Hapa tunahitaji zaidi mtu anayeujua ushirika kuliko mtu anayeijua Django. Django utafundishwa.

Nataka kuandikisha plagini yangu. Naanzia wapi?

Saraka yenyewe ni repo ya mafaili ya maandishi. Unatengeneza nakala yako, unaongeza faili moja lenye jina la plagini, unajaza sehemu zilizoonyeshwa kwenye kiolezo, kisha unatutumia ombi la kuunganisha (pull request). Mmoja wetu atasakinisha plagini yako kwenye mradi mtupu, atafuata maelekezo yako neno kwa neno, na pale atakapokwama ndipo atakapokuandikia. Kinachokwamisha mara nyingi ni README, faili la maelekezo, inayosema "kisha weka mipangilio" bila kusema mipangilio gani.

Plagini iwe tayari kwenye PyPI, iwe na leseni, na iwe na majaribio ya msimbo hata kama ni machache. Maelezo yawe ya Kiswahili au Kiingereza, chagua unayoiandika vizuri.

Maelezo ya plagini yaandikweje?

Yaandikwe kama unamjibu mtu mwenye kazi mkononi. Maelezo kama haya tunayarudisha:

"Plagini bora, ya kisasa na yenye kasi ya malipo kwa biashara zote Afrika."

Haya tunayapokea siku hiyohiyo:

"Inapokea malipo ya M-Pesa ya Vodacom Tanzania kwenye Django 5.2. Inashughulikia mteja kulipa biashara tu. Kurudisha fedha bado. Simu ikipoteza mtandao katikati ya malipo, muamala unabaki 'unasubiri' na unapaswa kuuhakiki mwenyewe kwenye admini."

Hiyo sentensi ya mwisho inaonekana kama inaichafua plagini. Hapana, ndiyo inayoiuza. Anayeisoma anajua aliyeiandika alishakaa na mteja dukani, simu ikiwa mkononi, akasubiri ujumbe ambao haukuja.

Leseni gani inakubalika?

BSD, MIT, Apache 2.0, LGPL na GPL. Ukiwa huna unachokipendelea, chukua BSD kama Django yenyewe, ili anayechanganya msimbo wako na wa kwake asiumize kichwa.

Tahadhari mbili. Kuweka msimbo GitHub, tovuti ya kuhifadhi repo, bila faili la leseni hakuufanyi uwe huria. Haki zote zinabaki kwako, na mwenzako akiutumia bila ruhusa yako anavunja sheria. Ya pili ni nzito zaidi: kama msimbo uliuandika ukiwa umeajiriwa, au mteja aliulipia, soma mkataba kabla ya kuutoa. Omba ruhusa kwa maandishi. "Bosi alisema sawa tu" haitakusaidia bosi akiondoka.

Plagini yangu iunge mkono toleo gani la Django?

Angalau 5.2, ambalo ni toleo la msaada wa muda mrefu: lilitoka Aprili 2025 na litapata marekebisho ya usalama hadi Aprili 2028. Toleo la 4.2 mwisho wake ni Aprili 2026, kwa hiyo plagini inayoishia hapo tunaipokea pale tu mwenyewe anapoonyesha kwamba kazi ya kuihamisha imeanza.

Mtunzaji akiacha plagini, mnaifanya nini?

Tunaandika wazi kwamba imelala. Ikipita miezi kumi na minane bila toleo jipya na mtunzaji hajibu, ukurasa wake unapata alama hiyo juu kabisa na plagini inashuka chini ya orodha. Haifutwi. Kuna anayeitumia kwenye mfumo wa zamani na anahitaji kujua ilikotoka.

Tumelifikiria sana hili kwa sababu saraka hufa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kujaa vitu visivyofanya kazi. Developa mpya akisakinisha plagini tatu kutoka kwenye orodha yako na zote zikagoma, hatasema plagini ni mbovu. Atasema Django ni mbovu. Duka la dawa lenye rafu zilizojaa dawa zilizoisha muda lina hatari kuliko duka lenye rafu tupu, na ndiyo maana orodha yetu ni fupi na tumeridhika nayo.

Njia ya pili ni saraka yenyewe kupotea. Mwaka 2011 tovuti ya plagini za jQuery, maktaba ya JavaScript, iliyokuwa imeelemewa na takataka za matangazo, ilifutwa kwa bahati mbaya na nakala rudufu ya karibuni haikuwepo. Mpya ilikuja 2013, ikichukua taarifa kutoka GitHub, na baadaye nayo ikafungwa kwa maingizo mapya, watu wakaelekezwa npm, ghala la msimbo wa JavaScript. Hii ya kwetu ni mafaili ya maandishi ndani ya git, programu ya kutunza historia ya mafaili, kwa sababu hiyo: kila aliyetengeneza nakala ana saraka nzima kwenye mashine yake.

Kuhusu mtunzaji anayetaka kuondoa kazi yake kwa hasira, kumbuka left-pad. Machi 2016 Azer Koçulu aliondoa plagini zake npm baada ya kutoelewana juu ya jina, na moja kati yake, yenye mistari 11 tu ya msimbo, ikavuruga miradi mingi duniani kwa saa kadhaa. Ukichoka, tuambie. Tutamtafuta mrithi, wewe utampa funguo za PyPI na jina lako litabaki kwenye historia ya msimbo.

Je, mnathibitisha kwamba plagini ni salama?

Hapana, na usimwamini anayekuambia anaweza. Tunasoma msimbo kwa haraka, tunaangalia kama kuna kitu kinachotuma taarifa nje bila sababu, basi.

Upande wako, kagua jina herufi kwa herufi kabla ya kusakinisha. Wapo wanaopakia plagini za wizi zenye majina yanayokaribiana na zinazojulikana. PyPI iliwahi kusimamisha usajili mpya kwa muda, 2023 na tena 2024, kwa sababu ya wimbi la namna hiyo. Tangu mwanzo wa 2024 kila anayepakia huko analazimika kutumia uthibitishaji wa hatua mbili, kwa hiyo simu yako ikipotea sokoni Kilombero na hukuhifadhi misimbo ya dharura, umejifungia nje ya plagini yako mwenyewe. Funguo za API za malipo zisiingie kwenye repo, hata ile ya binafsi. Na kama plagini yako inahifadhi pasipoti za wageni au namba za NIDA, isome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kwanza. Taarifa usiyoihitaji usiikusanye.

Naweza kulipa ili plagini yangu ikae juu?

Hapana.

Basi mnapangaje? Kwa nyota za GitHub?

Hapana pia. Nyota tunazijua zinavyopatikana: ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, "wadau naombeni nyota," na jioni zipo hamsini. Tunapanga kwa tarehe ya toleo la mwisho na kwa idadi ya watu wa hapa waliothibitisha kwamba wanaitumia. Anayethibitisha anaandika mstari mmoja: kazi gani, toleo gani, nini kilimsumbua.

Mimi nina kampuni ya utalii, si developa. Hii inanihusu?

Inakuhusu siku utakapotaka kubadilisha developa. Muulize uliye naye mfumo wako umejengwa kwa plagini zipi, kisha zitazame hapa. Kama zipo na zinatunzwa, mtu mwingine anaweza kuendelea na kazi. Kama kila kitu kaandika mwenyewe na hakuna maelezo, umemwoa.

Unaweza pia kulipia plagini iandikwe na itolewe huria. Wamiliki wengi wanaogopa kwamba mshindani ataitumia bure. Ataitumia, ndiyo. Naye akikuta hitilafu na kuirekebisha, marekebisho yatakufikia bila wewe kulipa shilingi. Kinachokuingizia wageni ni madereva wako na wapishi wako. Kikokotoo cha viingilio kila mtu anacho.

Plagini huria inaweza kunilipa?

Yenyewe kwa nadra sana. Inakuletea kazi: mteja anakuta jina lako kwenye ukurasa, anakupigia uisakinishe, uibadilishe, uitunze kwa mwezi. Weka bei ya kazi hizo bila aibu. Kinachokuwa bure ni msimbo; usiku wako wa kurekebisha seva ya mtu una bei.

Mimi ni mwanafunzi, sina plagini. Nisaidie nini?

Tunawapata kutoka Chuo cha Ufundi Arusha, Chuo cha Uhasibu, Nelson Mandela pale Tengeru na Ushirika Moshi, na wengi wanadhani lazima waanze na msimbo mgumu. Anza na tafsiri. Django yenyewe ina Kiswahili, lakini plagini nyingi hazina, na kutafsiri faili moja la .po, lenye maneno ya kutafsiriwa, ni kazi ya jioni mbili tatu. Au chukua plagini yoyote, ifuate README yake mwanzo hadi mwisho, na utuandikie ulipokwama. Ripoti ya namna hiyo, ya mtu asiyejua kitu, sisi wazoefu hatuwezi tena kuiandika.

Ombi moja, kwa upendo. Ukituandikia "Shikamoo mkuu, naomba msaada" halafu ukanyamaza, tutajibu marahaba na kazi itasimama hapo. Salamu itume, lakini chini yake weka ujumbe wote wa hitilafu, toleo la Django na ulichokuwa unajaribu kufanya.

Ninyi ni tawi la Django Software Foundation?

Hapana. Jina Django na nembo yake ni alama za biashara za taasisi hiyo. Sisi ni watumiaji tu. Ukitaka kuchangia fedha kwa ajili ya Django yenyewe, zipeleke kwao, sisi hatuzikusanyi.

Mnakutana wapi?

Kwa zamu, mara Arusha mara Moshi, Jumamosi. Ni kilomita kama 80, na watu wa Chuga, yaani Arusha, hulalamika kila zamu ikiwa ya Moshi kana kwamba wameambiwa waende Kigoma. Hakuna mada za kwenye slaidi. Kila mtu anakuja na plagini moja iliyomshinda, tunaiweka kwenye skrini, tunaifungua pamoja. Pakua unavyovihitaji kabla ya kuja, maana intaneti ya mahali tunapokaa hugawanywa na watu wote waliomo.

Niko Babati. Naruhusiwa kuandikisha?

Ndiyo. Hata Singida. Tunachotaka ni kwamba uliijaribu plagini kwenye kazi ya mtu, na kwamba tukikuandikia utajibu.

Nimeona kosa kwenye ukurasa wa plagini fulani.

Lirekebishe na ututumie ombi la kuunganisha. Kama git bado inakusumbua, andika ujumbe wa kawaida: jina la plagini, kilichokosewa, na ulijuaje. Hicho cha tatu usikisahau.